Mtoto Aliye Nje ya Takwimu: Kuchunguza Umaskini wa Watoto wa Waomba Hifadhi na Wahamiaji Jijini Nairobi

Hotuba iliyotolewa jijini Nairobi mbele ya watafiti, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na wawakilishi wa jumuiya za wakimbizi

Mheshimiwa mwenyekiti, wanazuoni wenzangu, walimu, wahudumu wa afya ya jamii, akina mama na akina baba mliofika kutoka Eastleigh, Kayole, Kasarani na Kawangware, nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa umaskini wa watoto katika familia zinazoomba hifadhi na familia za wahamiaji. Hoja ninayotaka kuitetea mbele yenu ni kwamba sehemu kubwa ya umaskini wa watoto hawa inatokana na kusubiri: kusubiri kusajiliwa, kusubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, kusubiri kadi, kusubiri jibu kutoka nchi ya tatu iliyoombwa kuwapokea. Vipimo tunavyotumia kuupima umaskini nchini havikuundwa kwa ajili ya kuiona sehemu hiyo. Mtafiti anayechukua hojaji ya kawaida na kuingia nayo katika ploti ya Eastleigh, yaani ua mmoja wa vyumba vya kupanga, atarudi na majedwali yaliyojaa vizuri, ilhali mtoto aliyekwenda kumtafuta hayumo ndani yake.

Nianze na watu wenyewe. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo 1966. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Kakuma ikafuata mwaka 1992, na leo nchi hii inahifadhi zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi 800,000, wengi wao wakiwa wametoka Somalia na Sudan Kusini. Takribani nusu yao ni watoto. Katika jiji hili waliosajiliwa wanakaribia 100,000: Wasomali na Waoromo wengi wako Eastleigh na mitaa inayoizunguka, Wakongomani wako Kayole, Umoja, Kasarani na Githurai, Warundi na Wanyarwanda wako Kawangware, Kangemi na Riruta, na Wasudan Kusini wamesogea pembezoni, hadi Kitengela na Rongai. Kando yao kuna familia ambazo hazikuwahi kuomba hifadhi, zilizokuja kutoka nchi jirani kutafuta riziki, na ambazo watoto wao wamezaliwa au wamekulia hapa. Sheria inayatenganisha makundi haya mawili kwa makini, na mtafiti hana budi kujua tofauti hiyo, lakini mwenye nyumba anayedai kodi tarehe 5 ya mwezi hayatenganishi, na mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule haoni tofauti yoyote.

Sasa tazama jinsi tunavyopima. Chombo chetu kikuu kimekuwa utafiti wa bajeti za kaya unaofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Ule wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 36.1 ya watu nchini walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na mstari wenyewe uliwekwa kwenye shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja mashambani na shilingi 5,995 mijini. Naomba tuangalie jinsi mtoto anavyoingizwa katika hesabu hiyo, kwa sababu ni jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Mtoto wa kuanzia siku ya kuzaliwa hadi miaka 4 huhesabiwa kuwa 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 huhesabiwa kuwa 0.65, na kuanzia miaka 15 anahesabiwa mtu mzima kamili. Vizio hivi vimekuwapo tangu miaka ya 1970 na vinafuata zaidi mahitaji ya chakula. Kwa hiyo mama mwenye watoto watatu, wa miaka 3, 8 na 12, ana kaya ya watu wazima 2.54, na kwa mstari wa mijini wa 2015/16 anahitaji kiasi cha shilingi 15,200 kwa mwezi ili aandikwe kuwa si maskini.

Tumchukue mama huyo awe Mkongomani wa Kayole anayetembeza vitenge mlango kwa mlango. Mfano huu nimeuunda mimi, lakini wahudumu wa jamii waliomo humu wataona kwamba sikuongeza chumvi. Analipa kodi ya chumba, pengine kwa kiwango cha juu kuliko jirani yake Mkenya, kwa sababu hana kitambulisho cha kuonyesha na mwenye nyumba anajua kwamba hana mahali pa kulalamika. Analipa nauli ya kwenda ofisini kufuatilia faili yake, na akiambiwa arudi wiki ijayo analipa tena. Ananunua salio la simu ili apige namba ya msaada na kukaa kwenye foleni ya simu. Analipa fotokopi, picha za pasipoti, na wakati mwingine mtu wa kumwandikia barua kwa Kiingereza. Zaidi ya hayo kuna malipo yasiyo na risiti, ambayo kila mtu humu anayafahamu, anayotozwa akisimamishwa barabarani jioni na furushi lake. Nauli, salio na kodi huandikwa kuwa matumizi ya kaya, na matumizi makubwa husomeka kuwa ni ustawi. Gharama ya kuishi bila karatasi inageuzwa kuwa ushahidi kwamba familia inajiweza. Mama huyu anaweza kuvuka mstari wa shilingi 15,200 huku watoto wake wakinywa chai ya rangi mchana na kulala bila mlo mwingine.

Mwaka 2020 KNBS ilichapisha ripoti pana iliyoangalia pia umaskini wa namna nyingi, yaani kunyimwa lishe, maji, makazi, elimu, afya na habari kwa wakati mmoja, na ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa nchi hii wanaishi katika hali hiyo. Hii ilikuwa hatua njema, na naipongeza bila kusita, kwa kuwa ilituondoa kwenye kuhesabu shilingi peke yake na kutufikisha karibu na maisha ya mtoto mwenyewe. Hata hivyo, hakuna mahali katika vipimo vile mtoto anapoulizwa kama yupo kisheria.

Kuna pia suala la nani anayefikiwa. Sampuli za tafiti za kaya hutolewa kwenye maeneo ya hesabu yaliyochorwa wakati wa sensa, na sensa yetu ya mwisho ilianza usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Ndani ya eneo, mhoji anatafuta kaya, na kaya kwa maelezo rasmi ni watu wanaoishi katika boma au ua mmoja, wanaopika pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Ingieni katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, ambamo akina mama wawili waliokutana safarini wanalipa kodi kwa zamu. Siku zenye pesa wanapika pamoja. Siku ngumu kila mmoja anajitafutia. Ndani yumo msichana wa miaka 13 ambaye si mtoto wa yeyote kati yao: alikabidhiwa kwao mpakani na shangazi aliyeahidi kufuata. Akina mama wale hawamtaji kwa mgeni, kwanza kwa sababu msimamizi wa ploti ameweka kikomo cha watu katika chumba, na pili kwa sababu wanaogopa kuulizwa alikotoka. Akitajwa, anaandikwa "jamaa". Kwamba yeye ndiye anayebaki nyumbani kulea wadogo, kuchota maji na kufua nguo za majirani kwa malipo hakutaonekana popote. Kama kuna mtoto mmoja ambaye utafiti wetu ungepaswa kuanza naye, kwa maoni yangu ni huyu, wala hatumpati kwa kumuuliza mkuu wa kaya ana watoto wangapi.

Si Nairobi peke yake inayokwama hapa. Nchini Uingereza, mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi katika kipindi kirefu cha kungoja, na tangu Januari 2024 familia iliyopewa nyumba yenye jiko imekuwa ikipokea pauni 49.18 kwa wiki kwa kila mtu. Wapo wahamiaji wengine, wenye vibali halali, ambao masharti ya vibali hivyo yanawazuia kugusa fedha za ustawi wa umma. Utafiti mkuu wa mapato ya familia nchini humo huchagua kaya zinazoishi katika nyumba za kawaida, kwa hiyo mtoto anayelala katika chumba cha hoteli alichowekwa na serikali hahesabiwi miongoni mwa watoto maskini wa nchi ile. Nchi tajiri yenye takwimu za miongo mingi imefika mahali pale pale tulipo sisi, kwa sababu kipimo chake pia kilidhani kwamba kila mtoto ana anwani.

Kwa upande wetu pengo ni pana zaidi, kwa kuwa mtoto mkimbizi wa mjini huangukia kati ya rejista mbili. Rejista ya misaada inawaona walio kambini, ambako kuna mgawo wa chakula, shule na zahanati zinazoandika majina. Tafiti za taifa zinawaona raia. Benki ya Dunia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, walijaribu kuliziba pengo hili kwa kuhoji kaya za Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyo karibu na Kakuma, mwaka 2018 na Kakuma mwaka 2019, kisha wakageukia wakimbizi wa Nairobi, Mombasa na Nakuru. Awamu hiyo ya mijini iliangukia wakati wa korona, ikafanywa kwa simu. Naiheshimu kazi hiyo na naitumia darasani, lakini utafiti wa simu unaotoka kwenye orodha ya waliosajiliwa unaanza na mtu ambaye tayari ana mambo mawili ambayo familia maskini zaidi hazina, yaani usajili na namba ya simu isiyobadilika.

Nifike sasa kwenye hofu, ambayo wengi hudhani ni kikwazo kidogo cha kazi ya nyanjani. Desemba 2012 serikali ilitoa agizo kwamba wakimbizi wote wa mijini warudishwe kambini. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, na wakimbizi wenyewe wakaenda kortini, na Julai 2013 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji David Majanja, ikaubatilisha mpango huo kwa sababu ulikiuka haki zilizomo katika Katiba ya 2010. Kabla mwaka haujaisha tangu hukumu hiyo, mnamo Aprili 2014, ikaja operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, na wapo watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 wakati ule leo ni mtu mzima, pengine ana mtoto wake. Anapomwona mgeni akiingia kwenye ploti na kishikwambi mkononi, akifuatana na mzee wa mtaa, na kuuliza majina, umri na nchi ya asili, kijana huyo ana sababu nzuri ya kusema kwamba wako wawili tu nyumbani. Utafiti unaoita jibu hilo "kosa la takwimu" haujaelewa unachokichunguza.

Sheria imebadilika tangu wakati huo, na haki inadai niseme hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika mapema mwaka 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kupata hati, na mkimbizi anaweza kuomba kibali cha kazi cha daraja M. Machi 2025 serikali ilizindua mpango uitwao Shirika ili makazi ya wakimbizi yaunganishwe na huduma za wenyeji. Hata hivyo, mpango huo umejengwa hasa juu ya Dadaab na Kakuma, na haki ya kufanya kazi humfikia kikamilifu aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi. Aliye bado mwomba hifadhi amebaki kwenye foleni, na foleni hiyo kwa familia nyingi imepimwa kwa miaka. Mtoto huingia chekechea mama yake akingoja, na anaweza kumaliza darasa la sita mama yake angali anangoja. Katika miaka hiyo mama hawezi kufungua akaunti ya benki kwa urahisi, hawezi kupata leseni ya kibanda, na kila kazi anayoipata ni ya kibarua ambayo mwajiri anaweza kukataa kuilipa. Ndiyo maana nasema kungoja si mandhari ya umaskini huu. Ni mojawapo ya vyanzo vyake, na kunaweza kupimwa: tarehe familia ilipoomba, tarehe ilipopewa hati, mara ilizoambiwa irudi, na kilichotokea kwa chakula, kodi na masomo katika kila kipindi.

Upande wa shule ndio wenye mengi ya kuchunguzwa. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe ya msingi, makazi na huduma za afya, na imeandika "kila mtoto" bila kutaja uraia. Elimu ya msingi imekuwa bila karo tangu 2003, na serikali hupeleka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Pesa hizo zilikuwa zikifuata namba ya mwanafunzi katika NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta, na mfumo huo ulipoanza ulidai cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu mwenye huruma alimpokea mtoto asiye na cheti, akamkalisha dawatini, na shule haikulipwa kwa ajili yake. Mwalimu mkuu mwenye mzigo mkubwa alimrudisha. Mtoto yule akapelekwa katika shule ya jamii ya bei nafuu, anakolipiwa karo kila mwezi, na akikosa mwezi mmoja anakaa nyumbani. Hapo linatokea jambo la kusikitisha: familia isiyo na kitu inalipia elimu ambayo majirani wanaipata bila karo.

Chakula nacho kimefuata njia hiyo hiyo. Kaunti ya Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa Dishi na County, ambao mzazi analipa shilingi 5 na mtoto anapata chakula cha mchana cha moto. Ni mpango ninaouunga mkono kwa moyo wote. Lakini uko katika shule za umma, na kwa hiyo mtoto aliyekataliwa huko kwa kukosa karatasi amekosa dawati na sahani kwa pamoja. Mtafiti anayepima lishe peke yake, na mwenzake anayepima elimu peke yake, watapata matokeo mawili yasiyohusiana, wakati chanzo ni kimoja. Mtoto kutoka Kongo aliyefika darasa la tano kwa Kifaransa na akashushwa hadi la pili kwa sababu ya Kiingereza, akiwa na miaka 12 katikati ya watoto wa miaka 7, ataandikwa kuwa "yuko shuleni", na safu hiyo itafungwa.

Kuhusu uraia nitasema kwa ufupi. Kuzaliwa katika hospitali ya Nairobi kunampa mtoto cheti cha kuzaliwa, wala hakumpi uraia iwapo wazazi wote wawili si Wakenya. Historia ya Wanubi wa Kibera, ambao mababu zao waliletwa kama askari wa Waingereza, inatuonyesha jambo hilo linavyoweza kurithishwa: Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia, na ikauhusisha moja kwa moja ukiukaji huo na upungufu wa shule na huduma za afya katika makazi yao. Uamuzi ule ni msingi mzuri kwa mtafiti yeyote anayetaka kuonyesha kwamba hati ni sehemu ya umaskini wa mtoto.

Basi tuchunguze vipi? Sampuli ya kuelekezana, ambapo familia moja inatupeleka kwa nyingine, inatuingiza mahali ambapo ramani ya sensa haifiki, lakini inawapendelea wenye marafiki wengi, na familia iliyotengwa na wenzake kwa sababu ya ukoo, siasa au ndoa haitafikiwa kamwe. Nimekuja kuamini kwamba lazima tuanzie kwenye milango mingi kwa pamoja: kliniki za watoto, makanisa na misikiti, shule za jamii, maduka ya kutuma pesa, vituo vya mashirika ya msaada wa kisheria. Kliniki ina thamani ya pekee. Hata mama anayejificha humpeleka mtoto kuchanjwa, na kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina uzito wake mwezi baada ya mwezi, ushahidi wa lishe ambao haukutegemea kumbukumbu ya mtu wala hofu yake. Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba kuliko mtafiti yeyote, ila wasigeuzwe kuwa wapelelezi wetu, kwa kuwa mama akianza kuwashuku hatawafungulia mlango siku mtoto anapoharisha.

Mkalimani ni suala ambalo bajeti zetu hulidharau. Katika jumuiya ya Waoromo, ya Wasomali au ya Warundi, ukoo na upande wa kisiasa wa mkalimani hujulikana kabla hajafungua kinywa, na mama anayesimulia kilichomfukuza kwao hatakisimulia mbele ya mtu wa upande uliomfukuza. Tuwape wahojiwa nafasi ya kumkataa mkalimani bila kueleza sababu. Na mtoto asitumiwe kamwe kumtafsiria mama yake maswali kuhusu njaa, deni au kupigwa. Nimeona mapendekezo ya utafiti yanayolichukulia hilo kuwa jambo la kurahisisha kazi, na nasema wazi kwamba ni kumtwika mtoto mzigo mwingine.

Kisha kuna matumaini. Familia nyingi huamini kwamba anayekuja kuandika habari zao anaweza kuwasaidia kuhamishiwa nchi ya tatu, na tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, familia zilizokuwa karibu kusafiri zimebaki hapa zikishika kila uzi. Mama anayedhani kwamba dhiki kubwa zaidi ndiyo itakayompatia safari atasimulia dhiki. Anayedhani kwamba familia inayojiweza ndiyo inayochaguliwa ataficha njaa. Fomu ya ridhaa haitaondoa dhana hiyo. Inaondolewa kwa kurudi mara kwa mara, kusema ukweli ule ule kila mara, na kumlipa mtu kwa muda alioupoteza kazini ili asihitaji kutuuzia kitu kingine.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha tafiti, ni lazima. Hayo ni masharti ya chini. Mimi naomba tuongeze zoea la kuuliza kabla ya kila swali: je, jibu hili likivuja, litamfanya mtu akamatwe? Kama ndiyo, na kama uchambuzi unaweza kusimama bila jibu hilo, lisiulizwe. Namba ya hati haihitajiki ili tujue kwamba hati ipo. Jina la ploti halihitajiki ili tujue msongamano. Ramani ndogo yenye nukta moja kwa kila kaya isiyo na usajili ni kitu ambacho hakipaswi kuwepo katika kompyuta ya mtu yeyote.

Najua swali ambalo baadhi yenu mmekuja nalo, kwa sababu ni la haki: watoto wa Mathare na Mukuru ni maskini pia, na ni wananchi, kwa nini tuwatafute wa wageni? Jibu langu ni kwamba tusiwatafute peke yao. Utafiti unaofaa Nairobi unachukua ploti nzima, mtoto wa mama mboga wa Murang'a na mtoto wa mshonaji kutoka Bukavu wanaotumia bomba moja la maji, na kuwafuata wote kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo tutakapojua ni kipi kinachotokana na mtaa, ambacho kinawaumiza wote, na ni kipi kinachotokana na karatasi. Serikali ya kaunti haiwezi kupanga madarasa, chanjo na maji kwa kuwahesabu nusu ya watoto wa ploti. Wanaobaki nje ya hesabu wanakunywa maji yale yale, na mzigo wao unaangukia shule na zahanati zilizopangiwa wachache.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Kati ya sasa na wakati huo, KNBS inaweza kuongeza katika tafiti zake za kaya maswali machache kuhusu nchi ya kuzaliwa na aina ya hati, yaulizwe na wahoji waliofunzwa, na majibu yatunzwe mbali na anwani. Idara ya Huduma za Wakimbizi inaweza kuchapisha kila mwaka, bila jina la mtu, muda ambao maombi ya familia zenye watoto huchukua tangu kusajiliwa hadi uamuzi. Takwimu hiyo moja ingetufungulia mlango wa kulinganisha muda wa kungoja na uzito wa watoto kliniki, na mahudhurio yao shuleni.

Walimu wakuu na wauguzi waliomo humu, nawaomba mbaki baada ya chai. Tumeandaa rasimu ya fomu fupi ya mahudhurio na ya lishe ambayo haina nafasi ya kuandika uraia, na tungependa mtuonyeshe, kabla haijatumika mahali popote, ni maswali gani mama wa mtaa wenu atayakataa.

Asanteni.